Ugonjwa Wenye Nauli

Juzi umeme ulikatika hapa Nzuguni, na binti yangu Zuhura akawasha lile jiko la mafuta ya taa analoliweka uvunguni kwa siku kama hizo. Alitaka kunichemshia uji. Harufu ilipoingia chumbani nilimfokea alitoe nje, tena kwa maneno ambayo mzazi hapaswi kumwambia mtoto anayemuuguza. Alidhani moshi umenibana kifua. Haikuwa hivyo. Kifua changu kina shida zake, na wiki ijayo kitapasuliwa kwa mara ya pili, lakini siku ile kilichonipandisha hasira ni harufu yenyewe. Ni harufu ya zahanati ya Mkonze nilipokuwa darasa la tatu. Kila nikiinusa nakumbuka jinsi nilivyoutoa moyo wangu kwa donge la haluwa.

Ninyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Sindano zilikuwa za kioo, sindano moja kwa watu wote, zikichemshwa ndani ya sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa pembeni ya meza ya mganga. Ukikaa kwenye benchi nje ulisikia vioo vikigongana ndani ya maji yanayochemka, ukajua zamu yako inapikwa.

Sisi tulikuwa watu wa duka. Babu wa baba yangu alifika Dodoma na misafara ya biashara kutoka pwani, akaoa, akabaki. Baba alitoka mjini akafungua duka Mkonze, wakati huo Mkonze ikiwa mashamba ya uwele na vumbi, akiuza chumvi, sabuni, kaniki na tumbaku. Alikuwa mtu wa haki dukani na mtu mgumu nyumbani. Hakupenda mtoto mlegevu. Mimi na kaka yangu Kassim tulichota maji, tulipanga magunia, tulikwenda shule na tuliporudi tulikwenda chuoni kwa maalimu kusoma Kurani. Hatukulalamika, maana kulalamika kulikuwa na dawa yake.

Ilianza na koo. Kilikuwa kipindi cha baridi na upepo, ule upepo wa Dodoma unaokujaza mchanga hadi kwenye meno. Koo liliuma hata mate nikashindwa kuyameza, na usiku nilikuwa na homa. Bibi, mama yake baba, alinishika kidevu, akanifumbua mdomo juani, akatikisa kichwa.

"Kimeo kimeshuka," alisema. "Huyu ni wa kukatwa."

Hakuna aliyembishia. Nyumbani kwetu koo la mtoto lilikuwa na jibu moja, na jibu hilo lilikuwa kwa fundi wa kimeo. Alikuwa mzee mwenye magoti makavu, aliyekibana kichwa changu katikati ya magoti hayo kama mtu anayenyoa kondoo, akaingiza kisu kidogo kilichopinda. Nilitema damu mchangani. Bibi alinifunika kwa kanga yake, akanisifu kwamba sikulia, na kweli sikulia, kwa sababu huwezi kulia na kisu kiko kooni. Baada ya siku chache koo likapona. Bibi alitembea kijijini akieleza habari za fundi wake.

Nimekuja kuelezwa uzeeni kwamba koo lile lingepona hata bila kisu, na kwamba kilichohitajika kilikuwa dawa ya kuua vijidudu, ile ile iliyokuwa kwenye kabati la zahanati, umbali ambao mtoto mzima anaukimbia bila kupumzika. Tulipita mbele ya zahanati hiyo kwenda kwa fundi. Mlango ulikuwa wazi. Bibi alimwamkua mganga, tukaendelea na safari.

Koo liliposahaulika ndipo viungo vikaanza. Niliamka asubuhi goti la kulia limevimba, la moto, siwezi kuweka hata shuka juu yake. Siku mbili goti likapoa, maumivu yakahamia kifundo cha mguu wa kushoto. Kisha kiwiko. Kisha goti jingine. Nilikuwa sielewi, na baba naye hakuelewa, ila tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa na jibu.

"Ugonjwa gani huu unasafiri?" aliniuliza mbele ya wateja. "Una nauli?"

Wateja walicheka. Kassim alilidaka neno hilo akalifanyia kazi. Kila asubuhi alinisimamia kichwani kama kondakta wa treni.

"Jana tulikuwa goti. Leo tumefika stesheni gani? Kiwiko? Abiria wa kiwiko mteremke. Kesho tunalala Manyoni."

Nilicheka nami. Alikuwa kaka yangu na alikuwa mchekeshaji. Lakini shuleni hapakuwa na kicheko. Mwalimu wa zamu alinikuta nimekaa wakati wenzangu wanachota maji ya bustani, akaniuliza naumwa nini, nikasema kiwiko. Akasema juzi uliniambia mguu. Nikachapwa kwa kosa la uongo, tena akanieleza vizuri kwamba hanichapi kwa uvivu. Ugonjwa wa kweli hukaa mahali pake, alisema. Hilo ndilo watu wazima wote walilolijua, na mimi nilikuwa mtoto mmoja.

Aliyeniamini alikuwa mama. Usiku alinikanda kwa kitambaa na maji ya moto, na mikono yake ilisita kila ilipofika penye joto. Baba alipokwenda mjini kununua mali, mama alinibeba mgongoni, mtoto mkubwa wa darasa la tatu na miguu inaning'inia, akanipeleka zahanati.

Mganga wetu aliitwa Bwana Ndahani, Mgogo mrefu mwenye sauti ya chini. Alilishika goti langu muda mrefu. Kisha akaweka chombo chake cha kusikilizia kifuani kwangu, akafumba macho, akakihamisha, akakirudisha. Mimi nilisikia vioo vikichemka tu.

"Mama Kassim," alisema, "huyu hachezi. Ugonjwa huu huchezea viungo, lakini makao yake ni moyoni. Nitamchoma leo, na kila mwezi aje nimchome."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aote ndevu."

Sindano hiyo siwezi kuisimulia kwa haki. Dawa ilikuwa nzito na nyeupe kama maziwa ya mtindi, ikakwama njiani, akatoa, akazibua, akachoma tena. Nilishindwa kukaa kwenye mkeka wa maalimu. Nilisoma nimepiga magoti, na wenzangu wakaniita ngamia.

Baba aliporudi alisikiliza maelezo ya mama mpaka mwisho. Wakati huo viungo vilikuwa vimepoa vyote. Vilipoa vyenyewe, kama vilivyokuja.

"Mpaka aote ndevu," alirudia. "Kwa goti ambalo halina hata alama. Mama Kassim, umechotewa maji kwa pakacha."

Hata hivyo hakukataza. Hilo nalikiri, na linazidi kunikasirisha. Hakukataza kwa sababu aliogopa. Alikuwa ameona jinsi mganga alivyonitazama siku moja tulipokutana naye njiani. Akaacha sindano ziendelee mwezi baada ya mwezi, huku akininunia, na kila mwezi ulipokaribia nyumba nzima ilikuwa na mvua isiyonyesha. Mimi niliona kwamba mvua hiyo naileta mimi.

Sasa niwaeleze desturi ya nyumba yetu. Siku ya vunja jungu, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, tulikula mpaka tukashindwa, halafu baba alikaa kwenye mkeka uani na kila mtu alikwenda kumwomba radhi. Nyumba nyingi huombana radhi kwa jumla: nisamehe nilipokukosea, nami nimekusamehe, imekwisha. Baba hakuitaka radhi ya jumla. Alitaka kosa litajwe. "Fundo lisiloonekana nitalifunguaje?" alikuwa akisema. Ukitaja kosa lako alikusamehe, akakupa kipande cha haluwa kwa mkono wake, na kosa hilo halikutajwa tena mwaka mzima. Alikuwa mtu wa neno lake.

Mwaka ule Kassim alitangulia. Alisema amekuwa akiramba sukari guru dukani na kuwasingizia panya. Baba alicheka mpaka akafuta macho.

"Na mimi nimenunua mtego," alisema. "Panya mwenyewe anakula wali kwangu."

Kila mtu alicheka, bibi akagonga goti lake. Kisha wakanigeukia.

Nilikuwa nimeandaa kosa. Nilikuwa nimempiga jiwe kuku wa jirani. Lakini baada ya sukari guru na mtego wa panya, kuku yule alikuwa mdogo mno. Nilimwona baba ananitazama, na kicheko alicholetewa na Kassim kilikuwa bado usoni kwake, kikaanza kuondoka. Nilitaka kisiondoke. Nilijua pia kwamba sindano nyingine ni keshokutwa. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo nimelielewa nikiwa mtu mzima: nilikuwa nimeanza kuwaamini. Watu wote wakubwa wanasema ugonjwa wa kweli hauhami, na wangu umehama. Wanasema ugonjwa wa kweli hauondoki hivi hivi, na wangu umeondoka. Maumivu ukishayamaliza huyakumbuki mwilini, unayakumbuka kwa maneno tu, na maneno yaliyokuwepo nyumbani kwetu yalikuwa ya baba. Pengine nilidanganya bila kujua. Pengine uongo ndivyo ulivyo.

"Baba, naomba radhi," nilisema. "Nilikuwa nadanganya. Miguu ilikuwa haiumi."

Mama alikuwa ameinama anakusanya sahani. Aliinuka.

"Shabani, unasema nini?"

"Mwache," alisema baba. "Mwache mtoto aseme kweli."

Akanivuta kifuani kwake. Hakuwahi kunikumbatia hivyo kabla, na kifua chake kilitetemeka. Nilidhani anacheka. Akanipa haluwa, si kipande, akanimegea donge lililojaa kiganja, akasema mbele ya wote, "Nilijua. Mwanangu si mgonjwa." Bibi akamshukuru Mungu kwa sauti. Mama akachukua sahani zake akaingia ndani.

Ramadhani ile ilikuwa miezi yangu bora kuliko yote ya utoto, nasema miezi kwa sababu utamu wake uliendelea hata baada ya Idi. Baba alinikalisha nyuma ya meza ya duka. Alinifundisha kupima chumvi kwa mizani na kufunga tumbaku. Alipokwenda msikitini alinishika mkono. Kassim aliona wivu, akaacha mzaha wa treni kwa kuwa haukuchekesha tena. Siku ya sindano ilipita na hakuna aliyeitaja.

Kisha Bwana Ndahani akaja mwenyewe. Aliegemeza baiskeli yake kwenye nguzo ya baraza, akasalimia, akaulizwa habari za kazi, akasema njema. Baba alimwambia hawezi kumkaribisha hata maji kwa kuwa ni mfungo.

"Sikuja kunywa," alisema mganga. "Kijana wako simwoni."

"Kijana ni mzima."

"Najua anaonekana mzima. Ndiyo maana nimekuja."

Baba alitabasamu. Nayakumbuka meno yake. "Haya, Shabani. Mwambie Bwana Mganga ulichoniambia."

Nilikuwa nimeshika kijiko cha kuchotea chumvi. Nyuma ya pazia la mlango wa ndani niliona miguu ya mama, imesimama.

"Nilikuwa nadanganya," nilisema.

"Ulidanganya nini?"

"Kuumwa."

Mganga aliniangalia, halafu akamwangalia baba. "Goti lile nililishika kwa mkono wangu. Lilikuwa la moto. Mtoto anadanganyaje joto?"

"Watoto," alisema baba. "Anakaa juani, analipaka mchanga wa moto, anajua mwenyewe. Ametaja kosa lake, nimemsamehe. Unataka nimchome mtoto kwa uongo niliousamehe?"

"Na mlio niliousikia kifuani?"

"Bwana Ndahani, wewe ndugu yangu. Masikio nayo huchoka."

Mganga alinigeukia. Kisha akaniuliza mimi, polepole, kama mtu anayemuuliza mtu mzima, "Shabani, iliuma au haikuuma?"

Nilisikia pazia likiguswa. Nikasema haikuuma.

Akachukua baiskeli yake. Hakurudi, na mwaka uliofuata alihamishwa. Nimemlaumu miaka mingi kwa kuondoka upesi vile, kisha nikaacha, kisha nikaanza tena. Alikuwa ameupigia mlango wetu hodi. Wengine hawakufanya hata hivyo. Nimemlaumu zaidi mama, ambaye mikono yake ilijua joto la goti lile na bado akasimama nyuma ya kitambaa. Nimemlaumu bibi na fundi wake. Watu huniambia walikuwa hawajui. Sikubali. Yule mganga alijua, akaja mpaka barazani kwetu na kile alichokijua, na tulimrudisha kwa adabu.

Nilipopata kazi idara ya maji, nilikuwa naendesha baiskeli mpaka Ihumwa na kurudi. Polepole nikaanza kushuka kwenye vilima vidogo nikasukuma. Nikasema ni uzito wa ndoa. Miguu ikavimba jioni, nikasema ni viatu. Nilikuwa nimefundishwa mapema kujishuku, na nililijua somo hilo vizuri. Nilipoanguka kazini ndipo wakanisikiliza kifua, na daktari akawaita wenzake waje wasikilize nao. Mlango mmoja wa moyo, ule wa kuzuia damu isirudi nyuma, ulikuwa umekakamaa kama ngozi iliyoanikwa. Nikapelekwa nje ya nchi kuwekewa mwingine, wa chuma.

Kabla ya safari baba alikuja wodini. Alikuwa amezeeka, fimbo mkononi. Nilimweleza walichosema: kwamba ilianza utotoni, kwamba sindano zile zingeuzuia ugonjwa usirudi kuula moyo.

Alininyooshea shuka miguuni. "Lakini ulisema mwenyewe, mwanangu," alisema. "Mbele ya watu."

"Nilikuwa darasa la tatu, baba."

"Ulisema mwenyewe."

Hatukulizungumza tena mpaka akafa.

Mlango wa chuma una sauti. Nyumba ikitulia unasikia tik, tik, kama saa ya mezani iliyofunikwa kwa taulo. Marehemu mke wangu mwanzoni alishindwa kulala, baadaye akashindwa kulala nisipokuwepo. Niliambiwa wazi nitakunywa dawa ya kuzuia damu isigande kwenye chuma hicho maisha yangu yote, na damu ipimwe mara kwa mara, dawa isizidi wala isipungue. Miaka mingi nilifanya hivyo. Mke wangu alikuwa ananikumbusha. Alipofariki niliendelea, kisha nikalegea. Fizi zilikuwa zikitoka damu, nikapunguza vidonge. Foleni ya kupima ilikuwa ndefu, nikaruka mwezi, nikaruka mwingine. Nilijisikia mzima. Hapo hakukuwa na baba wala bibi wa kulaumu. Nilikuwa mzee mwenye elimu ya sekondari, nimeshapasuliwa, najua kila kitu, na nikafanya lile lile: sikuumwa, kwa hiyo nikaona sina ugonjwa.

Hata mlio wa kifuani ulipofifia nilifurahi. Nilidhani ni masikio ya uzee. Kumbe damu ilikuwa imeganda kwenye bawaba, na mlango ulikuwa haufungi wala haufunguki vizuri.

Daktari wa sasa ni binti mdogo, ananiamkia kila nikienda kliniki kabla ya kunipa habari mbaya. Aliniambia upasuaji wa pili haufanani na wa kwanza. Kovu la ndani huushikisha moyo na mfupa wa kifua, na wakifungua wanaweza kuujeruhi kabla hawajaufikia. Umri nao. Aliniambia pia kwamba nisipopasuliwa sitafika mbali. Kisha akaniuliza kwa ajili ya maelezo yake, "Mzee, utotoni uliwahi kuvimba viungo, vikawa vinauma kwa kuhama?"

"Ndiyo," nilisema. "Viliuma sana."

Akaandika, akauliza swali lililofuata.

Jana Kassim alikuja kutoka Mkonze. Amekuwa mzee wa msikiti, ana ndevu nyeupe na pumzi fupi ya unene. Alikaa kwenye kiti cha Zuhura, akaniuliza nimekulaje, nimelalaje, kisha akafikia alilolijia.

"Unapanda kwenye kitanda kile na kinyongo. Si vizuri. Mzee ameshatangulia. Msamehe, uende mwepesi."

"Nimejaribu."

"Hujajaribu. Wewe una kiburi tangu zamani. Ni neno moja tu, Shabani. Sema nimemsamehe baba, mimi nishuhudie, tusome Fatiha, basi. Hata kama moyo bado haujafika huko, we sema tu. Utafika baadaye."

Zuhura alikuwa mlangoni na glasi ya maji na vidonge vyangu vya saa hiyo. Niliona naye anataka niseme. Walikuwa wanaogopa, wote wawili, na neno hilo lingewatuliza. Uso wa Kassim ulikuwa tayari kabisa kunifurahia.

"Kassim," nilimwambia, "mara ya kwanza niliposema neno nisilokuwa nalo ili watu waliotishika wafurahi, nililipwa haluwa. Wiki ijayo nakwenda kupasuliwa mara ya pili kwa ajili ya neno lile. Nikiwa nalo nitalisema. Leo sinalo."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani ataondoka kwa hasira, na ningemwacha aende.

"Lakini iliuma kweli?" aliniuliza hatimaye. "Yale magoti."

"Iliuma kweli."

Alinyanyua kiti chake, akakisogeza karibu na kitanda, akakaa tena.

"Haya," alisema. "Nieleze tangu mwanzo."